Tofauti Inayogawanyika kwa Tisa

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Mzazi ananieleza kwamba mwanawe kafaulu na sasa nyumbani wanabishana, asome uhasibu au atafute kozi nyingine. Wengi wanataka jibu la haraka, ndiyo au hapana. Sina jibu la namna hiyo. Mimi mwenyewe niliusoma uhasibu, ukanifikisha mahabusu, nikaapa kuuacha, nikarudi kwetu Rungwe kuchuma chai. Kilichonirudisha hakikuwa mshahara. Nimeona heri niandike yote mahali pamoja, mwenye kijana asome naye, waamue wenyewe.

Nilianza kama wanavyoanza wengi. Fizikia na kemia zilinikataa, hesabu ikanikubali, walimu wakasema nenda kwenye uhasibu, kazi hazikosekani. Nikasoma astashahada, nikaunganisha na stashahada. Sitaficha kwamba niliupenda. Kuna siku mnapewa miamala ya kampuni ya kubuni, mnaingiza kwenye leja, mnatoa urari, halafu mnajumlisha upande wa debiti na upande wa krediti. Jumla mbili zikikutana, mwili mzima unapumua. Mwalimu alituambia kwamba utaratibu huo wa kuandika kila jambo mara mbili ulichapishwa Venice mwaka 1494, katika kitabu cha mtawa wa Kifransisko aitwaye Luca Pacioli. Nilikaa nikiwaza kwamba mpaka leo kompyuta ya benki na daftari la muuza nondo vinafuata kanuni ileile.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Mbeya mjini. Tuliuza sementi, mabati, nondo, misumari na rangi. Nilikuwa keshia. Mteja akilipa namtolea risiti ya EFD, jioni nahesabu fedha na kufunga droo, asubuhi nazipeleka benki. Nikirudi, slipu ya benki namkabidhi kijana wa ofisini, ndiye aliyekuwa akiingiza kila kitu kwenye kompyuta. Tajiri wetu alikuwa mtu wa safari, leo Tunduma, kesho Dar es Salaam. Taarifa za benki zilikuwa zikija zinapigwa tobo na kufungiwa kwenye faili. Kazi ya kukaa chini na kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, mstari kwa mstari, hakuna aliyekuwa amepangiwa.

Mimi nilikuwa na daftari langu dogo. Mama alikuwa na desturi ya kuweka alama za chaki nyuma ya mlango wa jikoni, kila lita ya maziwa aliyokopesha alama moja, na katika maisha yangu sikuwahi kusikia mtu akimbishia deni. Nadhani nilirithi. Kila jioni niliandika tarehe, jumla ya mauzo, na kiasi nilichopeleka benki asubuhi yake. Hakuna aliyenituma.

Mwisho wa mwezi mmoja tajiri alirudi akaamua kuhesabu fedha mwenyewe. Kompyuta ilisema droo ilipaswa kuwa na kiasi fulani. Fedha zilizokuwemo zilipungua kwa shilingi 3,600,000. Hiyo ilikuwa zaidi ya mshahara wangu wa mwaka mzima. Tulihesabu tena, tukahesabu mara ya tatu wafanyakazi wote wakitazama, na noti hazikuongezeka. Aliniuliza fedha ziko wapi. Nikamwambia sijui, na nikaona usoni mwake jinsi neno "sijui" linavyosikika likitoka kwa mwenye ufunguo wa droo. Nilimwomba nipewe faili la slipu nilipitie. Akasema mwizi hawezi kupewa mafaili. Usiku ule nililala mahabusu.

Baba alikuja na Coaster ya kwanza kutoka Tukuyu, amevaa koti lake la kanisani, mkononi barua ya mwenyekiti wa kijiji. Baba mdogo alikuwa pamoja naye. Walijaza fomu za dhamana, wakasaini, tukatoka. Hatukuzungumza mpaka gari lilipopita Kiwira. Hapo ndipo aliponiambia, kwa sauti ya chini, macho yake yako dirishani: "Mwanangu, kalamu imekufunga. Jembe halijawahi kumfunga mtu." Hakuniuliza kama nilichukua. Namshukuru mpaka leo kwa kutoniuliza.

Aliyewahi kutuhumiwa wizi ataelewa kipindi kilichofuata. Kila wiki nilipanda gari kwenda kuripoti. Sokoni watu walinisalimia vizuri tu, ila nikishapita mazungumzo yanaendelea kwa sauti nyingine. Kwenye kwaya nilikuwa mtunza hazina. Nikakabidhi kibeti kabla hawajaniomba. Asubuhi nilikuwa shambani na mama kwenye chai, mvua ya Rungwe isiyojua kukatika inatunyeshea, na nilijisikia salama kwa kuwa hakuna anayeweza kudai kwamba majani ya chai yamepungua mikononi mwangu.

Kijijini kwetu kulikuwa na mzee aliyestaafu ukaguzi wa ndani wa halmashauri. Alikuwa akinunua maziwa kwa mama. Jioni moja alikuja mwenyewe badala ya kumtuma mjukuu, akakaa kwenye kigoda, akasema:

"Binti, nasikia una kesi ya hesabu. Pungufu ni kiasi gani?"

"Shikamoo, mzee. Milioni tatu na laki sita."

"Milioni tatu na laki sita kamili? Hakuna elfu, hakuna mia?"

"Kamili, mzee."

Alinyamaza kidogo. "Mwizi haibi kamili hivyo mwezi mzima," akasema. "Mwizi anadokoa leo hamsini, kesho themanini na tano. Gawanya kwa tisa."

Niligawanya kichwani. Laki nne kamili.

Kanuni ile sikuwahi kuisikia darasani, na nimekutana na wahasibu wenye shahada wasioijua, kwa hiyo nitaieleza hapa hapa. Mtu akiandika namba na kupindua tarakimu mbili zilizo jirani, akaandika 54 mahali pa 45, tofauti inayotokea lazima igawanyike kwa tisa bila kubaki. Haijalishi ni mamia au mamilioni. Kwa hiyo hesabu ikikataa na tofauti ikagawanyika kwa tisa, kabla hujamshuku mtu, shuku macho na vidole vya aliyeandika. Jibu la ule mgawanyo linakuambia zaidi. Kwetu lilikuwa laki nne. Maana yake, kama ni kupindua, yamepinduliwa mamilioni na malaki, na tarakimu hizo mbili zinapishana kwa nne.

"Ulikuwa ukiandika mahali popote?" mzee akauliza.

Nikaenda chumbani kuchukua daftari langu dogo. Tulilipitia kwa mwanga wa simu, kidole chake kikishuka taratibu kwenye safu ya fedha nilizopeleka benki, mwezi mzima. Alikuwa akisoma kwa sauti tarakimu mbili za mwanzo tu: tatu na nane, nne na moja, mbili na saba. Mara mbili tu kidole kilisimama. Siku moja nilikuwa nimepeleka 6,215,000. Siku nyingine 5,140,000. Sita na mbili, tano na moja. "Moja ya hizi," akasema. "Huko kwenye kompyuta kuna mtu kaandika milioni mbili na laki sita, au kaandika milioni moja na laki tano na arobaini. Benki inayo namba ya kweli."

Aliniandikisha barua palepale, maneno yake, mwandiko wangu. Hapakuwa na lawama wala kilio ndani yake. Ilimwomba tajiri alinganishe tarehe mbili tu, kompyuta yake kwa taarifa yake ya benki. Nakala moja nikaipeleka kwa mpelelezi wa shauri langu.

Jibu lilichelewa, na katika kungoja nilikonda. Hatimaye tajiri alipiga simu. Benki walikuwa wamepokea 5,140,000. Kompyuta ilisema 1,540,000. Fedha zilikuwa kwenye akaunti yake muda wote, zimelala, wakati mimi naripoti kituoni. Aliomba radhi, akanitaka nirudi kazini. Sikurudi. Nilimwomba kitu kimoja: barua yenye muhuri wa duka inayosema kwamba upungufu haukuwepo. Alinipa, malalamiko yake akayaondoa, jalada likafungwa. Barua ile niliirudufu, nakala moja nikampelekea kiongozi wa kwaya.

Watu hudhani hapo ndipo nilipoupenda upya uhasibu. Hapana. Nilikuwa nimesafishwa, na nikawa na uhakika zaidi kwamba kazi hii sitaki kuiona. Fikira yangu ilikuwa hivi: katika ofisi nyingi, aliye karibu na fedha ndiye anayebeba lawama ya kila kitu ambacho wenye mamlaka hawakukisimamia. Kwa nini nitoe miaka mingine, na ada nyingine, ili nisogee karibu zaidi? Hoja hiyo bado naiheshimu. Kijana akiniambia leo kwamba anaogopa kwa sababu hiyo, simwambii ni mwoga.

Kilichonigeuza kilitokea sebuleni kwetu, siku kikundi cha kuweka na kukopa cha mama kilipogawana fedha.

Kilikuwa VICOBA cha wanawake 30, wa chai, ndizi na parachichi. Wanaovijua vikundi hivi wanalijua sanduku: makufuli matatu, funguo tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, halifunguliwi mpaka wote wawepo. Hisa ilikuwa shilingi 2,000, na kila aliponunua hisa mwanachama aligongewa muhuri kwenye kitabu chake. Mwisho wa mzunguko sanduku linafunguliwa, fedha zote zinamwagwa mezani, zinagawanywa kwa idadi ya hisa. Katibu wao alikuwa amejifungua wiki ile, wakaniomba niwasaidie. Nilitaka kukataa. Mama alinitazama tu, nikavuta kiti.

Orodha ya katibu ilionyesha hisa 5,385. Hizo ni 10,770,000. Riba na faini zilikuwa 2,160,000. Jumla ilipaswa kuwa 12,930,000. Tukahesabu fedha: 12,960,000. Ziada ya shilingi 30,000.

Wanawake walifurahi. Mmoja akasema ni neema, tununue soda na maandazi. Mwingine akasema ziwekwe kwenye mfuko wa jamii. Mimi nilihisi baridi mgongoni. Upungufu wa milioni tatu na laki sita ulikuwa umewasha moto, mimi nikaitwa mwizi. Ziada ya elfu thelathini imewafanya watu wacheke. Lakini fedha hazioti. Zikizidi kwenye sanduku, kuna mtu aliyeweka na hakuandikwa, na mtu huyo yumo humu ndani, ameketi, anasubiri kupewa pungufu.

Nikawaomba kila mama alete kitabu chake, tuhesabu mihuri upya. Walilalamika, ilikuwa jioni na wengine wana ng'ombe wa kukamua. Tulihesabu. Kwa bibi mmoja mjane, anayeishi peke yake upande wa mtoni na hajui kusoma, orodha ilisema hisa 80. Nilipotaja namba hiyo alisema kwa upole, bila kuninyanyulia macho, "Mimi nina tisini na tano." Nilihesabu mihuri yake nikapata themanini. Akasema tena, "Tisini na tano, mjukuu wangu." Kitabu kilikuwa kimewahi kuloa. Nikapitisha kidole pembeni mwa kurasa na kuhisi ukurasa mmoja mzito kuliko mingine. Zilikuwa kurasa mbili zilizogandana. Nilizibandua taratibu kwa wembe. Ndani kulikuwa na mihuri kumi na mitano, wino wake umetapakaa lakini unahesabika.

Hisa zikawa 5,400. Kila hisa ikapata 2,400 kamili. Bibi akapokea 228,000, na karibu 36,000 ya hizo zingekuwa zimeyeyuka, 30,000 kwenye soda za watu au mfuko wa jamii na zilizobaki kwenye mgao wa wengine, na hakuna ambaye angeitwa mwizi. Alizifunga kwenye pindo la kanga, akanishika mkono, akasema, "Ndaga fijo." Wanawake wengine walikuwa kimya. Nadhani kila mmoja alikuwa akikipekua kitabu chake kichwani.

Nilimfuata mzee kesho yake. Safari hii mimi ndiye niliyekwenda kwake. Nilimwambia nafikiria kuendelea, ila siamini kama nitaweza. Hakunisifu. Alianza kuniorodheshea ubaya wa kazi, na hayo ndiyo ninayowaeleza wazazi wanaonipigia simu. Kazi hii haiishi. Kodi ya mishahara inadaiwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ritani ya VAT tarehe 20, na tarehe haijui kwamba una mgonjwa. Serikalini mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na mwezi huo usipange harusi. Utamwambia bosi mambo asiyotaka kusikia, tena kwa maandishi. Mshahara wa mwanzo ni mdogo, na waliohitimu bila kazi ni wengi, asikudanganye mtu kwamba cheti kinakungojea na kiti. Kompyuta imechukua kazi ya kujumlisha, kwa hiyo anayeupenda uhasibu kwa sababu anajua kujumlisha amechelewa.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna kipeperushi cha chuo kilicho nalo: "Tofauti ikiwa shilingi mia mbili, na kila mtu ameshakwenda nyumbani, unaweza kuondoka ukalala?"

Nikamwambia hapana.

"Basi kasome," akasema. "Wanaoweza kulala wapo wengi tayari."

Mzee huyu alikuwa na redio ndogo, na Aprili ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, yaani CAG, ilipokuwa ikiwasilishwa bungeni alikuwa haiachi. Aliwafuatilia walioshika cheo hicho, Ludovick Utouh, kisha Profesa Mussa Assad, kisha Charles Kichere, kama wengine wanavyofuatilia makocha wa timu. Alipenda kunikumbusha kwamba Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ametajwa ndani ya Katiba yenyewe, ibara ya 143. "Nchi imeona kazi hii haitoshi kuwekwa kwenye kanuni za utumishi," alisema. Baba naye akaanza kwenda kusikiliza redio ile. Jioni moja alirudi akasema tu kwamba ng'ombe dume atauzwa, ada ya mwaka wa kwanza ipo.

Sitasimulia miaka ya shahada, inafanana kwa wote. Mitihani ya Bodi ndiyo inayohitaji kusemwa, maana ndiyo inayowarudisha watu njiani. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na wakati wangu mitihani yake ilifanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ndogo ya ukaguzi mchana, nasoma usiku, na matokeo yakitoka naanza kutafuta namba yangu mikono ikitetemeka. Kuna masomo yaliyonirudisha, na kila niliporudia nililipa upya. Kodi ilinitesa. Ukaguzi haukunitesa, nilikuwa nimeshasoma mahabusu maana ya ushahidi. Na hata ukifaulu karatasi ya mwisho, huandikishwi kuwa mhasibu wa CPA hivi hivi. Unadaiwa miaka mitatu ya uzoefu wa kazi. Mzazi anayeniuliza mtoto atamaliza lini, namwomba ahesabu na hayo.

Siku nilipoandikishwa nilipiga simu nyumbani. Baba alikuwa shambani, akaletewa simu. Alisikiliza, akauliza, "Sasa wewe ndiye unayekagua?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi usiwakague watu kwa haraka," akarudisha simu kwa mama.

Kazi yangu siku hizi ni ya vyama na vikundi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya kijamii vya fedha navyo vinapaswa kusajiliwa, na vingi vya Rungwe na Kyela vilikuja kutafuta mtu wa kuvipanga. Ninachofundisha kwanza ni jambo lile ambalo duka la sementi halikulifanya: taarifa ya benki ikitoka, mtu asiyeshika fedha akae na daftari alinganishe mstari kwa mstari, aweke sahihi na tarehe. Kazi hiyo kikundi kidogo kinaimaliza kwa mchana mmoja. Nimeona keshia wawili wakiokoka kwa sababu yake, na nimeona mmoja akikamatwa kwa haki, ushahidi uko mezani, hakuna aliyepandisha sauti.

Wiki hii nilipigiwa simu na mwenyekiti wa kikundi cha Busokelo. Wamefungua sanduku wakakuta ziada ya shilingi 118,000, na wanachama wanataka kuzitumia kununulia viti vya plastiki. Nimemwomba wafunge sanduku, funguo zirudi kwa watu watatu, na kila mama aje Jumamosi na kitabu chake, hata kama kimeloa. Ameniahidi hawatagusa mpaka nifike.